Ubao Uliokunywa Maji

Asubuhi kwetu ilianza na ufagio. Kabla ya chai, kabla hata mtu hajanawa uso vizuri, mimi na mdogo wangu tulikuwa tunaingia karakana kufagia vumbi jeupe. Si vumbi la barabarani, hapana. Ni vumbi la povu gumu, jepesi kuliko unga. Ukilifagia kwa hasira linapanda hewani, linazunguka, halafu linarudi kukaa kwenye nyusi zako. Kwa hiyo tunanyunyiza maji kwanza, ndipo tunafagia taratibu.

"Kaka, umeota mvi," mdogo wangu ananiambia.

"Na wewe umeota ndevu. Shika beleshi."

Huyo mdogo wangu wa kike tulimwita Kiroboto. Jina alipewa na baba, kwa sababu tangu ajue kusimama hajawahi kutulia mahali pamoja. Alikuwa darasa la sita. Mimi nimeshamaliza shule, nasubiri matokeo, miguu inawasha. Mtu akiniuliza nafanya nini siku hizi namwambia niko njiani. Akiniuliza kwenda wapi, namwuliza na yeye anakwenda wapi.

Karakana ni chumba kirefu nyuma ya nyumba yetu, paa la bati, na kutoka mlangoni unaisikia bahari. Hapo baba alitengeneza mbao za mawimbi, zile ambazo mtu anasimama juu yake akateleza na wimbi mpaka mchangani. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alikuwa msaidizi wake. Mama alikuwa chumba cha mbele na cherehani yake, anashona mifuko ya kubebea hizo mbao. Nyumba nzima tulikula kwa mawimbi.

Ukiuangalia ubao wa mawimbi unadhani ni kitu kimoja tu. Baba alikuwa anasema ubao ni kama mtu: una nyama, una mfupa, una ngozi. Nyama ni lile povu gumu, plastiki nyepesi iliyojaa vipovu vya hewa. Mfupa ni kipande chembamba cha mti kinachopita katikati, kutoka puani hadi mkiani. Ngozi ni faiba, kitambaa cheupe kilichofumwa kwa nyuzi za kioo. Unakitandaza juu ya povu, unakimwagia gundi, na gundi ikishakauka kitambaa hukioni tena. Kinakuwa kama kioo. Chochote ulichoandika kwenye povu kwa penseli kinabaki kinasomeka chini yake. Ndiyo maana fundi anaandika kabla hajapaka.

Na kila kitu hapo kina bei yake. Ukiweka faiba tabaka moja, ubao unakuwa mwepesi na mfuko wako haulii, lakini ukikanyaga kwa kisigino unabonyea. Ukiweka mbili, mfuko unalia lakini ubao unadumu. Wateja walipenda kubishana hapo hapo.

"Fundi, niwekee tabaka moja tu. Mimi nakanyaga kwa adabu."

"Wewe una adabu," baba anamjibu, "wimbi halina."

Baba alikuwa mcheshi hivyo. Halafu anageuka pembeni, anakohoa. Kikohozi kirefu, cha kuinamia meza. Ukimtazama anapunga mkono.

"Ni vumbi tu."

Barakoa ilikuwepo, tena nzuri, ile yenye vichujio viwili mashavuni. Ilining'inia kwenye msumari karibu na dirisha, bado iko ndani ya nailoni yake. Mama aliinunua mwenyewe. Lakini baba hakuivaa, na sababu yake sikuwahi kuisikia kwa fundi wa kazi nyingine yoyote. Alikuwa anaipima gundi kwa pua. Gundi ikichanganywa na dawa ya kugandisha, harufu yake inaanza kali, inachoma, halafu kuna muda inalegea kidogo. Hapo ndipo baba aliacha kupaka, maana ukizidisha hapo unaharibu. "Nikivaa hicho kitu," alisema, "sisikii inavyoiva." Baba mdogo naye akaiga. Wote wawili wakawa wanajivunia pua zao.

Basi, muda mfupi kabla ya mvua, Kiroboto alikuwa ameshauzidi kimo ubao wake wa zamani. Alimsumbua baba kila siku. Baba akamwambia sawa, nitakutengenezea, ila povu zuri limekwisha na la kununua siliwezi sasa hivi. Akaenda kwa jirani aliyenunua friji jipya, akarudi amebeba lile povu jeupe linalofungiwa friji lisivunjike. Kipande kikubwa, kinapeperuka na upepo, baba anakikimbiza uani na sisi tunacheka.

Akamwita Kiroboto, akavunja kona ndogo ya lile povu, akampa mkononi.

"Lione. Ni punje punje, kama mchele ulioshikana. Ni rahisi, na ni jepesi, litakubeba kama unyoya. Lakini lina tabia mbili mbaya. Ya kwanza hii hapa."

Akadondosha tone la ile gundi yetu ya kila siku juu ya kile kipande. Povu likazama pale pale. Likawa shimo, kisha shimo likawa kubwa, kimya kimya, kama sukari kwenye chai. Kiroboto akaruka nyuma.

"Baba! Inalila!"

"Inalila. Ndiyo maana wako tutaupaka gundi ya kopo la bluu, ile ya ghali. Hiyo hailigusi. Tabia ya pili, povu hili likipata nafasi linakunywa maji. Kwa hiyo ubao wako ndani ni rahisi, nje ni ghali. Ngozi ikiwa nzima utawaachia wajukuu. Ngozi ikipasuka, hata ufa wa unywele, unatoka majini siku hiyo hiyo, unaniambia. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Nimesema uniambie. Sikusema ujaribu mwenyewe."

Aliutengeneza ule ubao polepole kuliko nilivyowahi kumwona akifanya kazi. Anapiga msasa kidogo, anakaa. Anapiga tena, anakaa. Tabaka mbili za faiba juu, kopo la bluu likaisha lote. Kabla ya kupaka alichukua penseli iliyokuwa sikioni mwake, akaandika karibu na mkia: *Kwa Kiroboto. Ukipasuka, niambie. Baba.*

Huo ndio ulikuwa ubao wake wa mwisho. Mvua zilipoanza alilazwa. Mvua zilipokwisha, mezani tulibaki watatu. Daktari alimweleza mama kwamba mapafu yalikuwa yamechakaa kwa vumbi na mvuke wa miaka mingi, na kwamba angefika mapema, yangekuwepo mengi ya kufanya. Kuna methali moja juu ya mtu anayeficha maradhi. Mnaijua, mmefundishwa. Kwetu haitamkwi tena.

Mama hakulia mbele yetu. Alishona. Tangu asubuhi cherehani inalia yenyewe kwa niaba yake, na ukiingia chumbani anakuuliza, "Umekula?" Ukisema ndiyo, basi, mazungumzo yamekwisha. Mlango wa ndani wa kwenda karakana aliufunga upande wake, akasogeza kabati mbele yake. Sisi tukawa tunazunguka kwa nje. Kiroboto akawa analala na ule ubao ukiwa umeegemea ukuta wa kitandani, upande wa maandishi umemgeukia yeye.

Sasa haya yanayofuata niliyajua baadaye, aliposema mwenyewe.

Kiroboto alikuwa na rafiki yake, tunamwita Mapengo, mtoto wa jirani wa lile friji. Siku moja Mapengo alimchokoza.

"Ubao wenyewe wa kitandani. Unauogesha na maziwa?"

"Unaingia majini kila siku, muulize kaka."

"Majini pale kwenye mchanga, na bibi zetu wanaonawa miguu! Twende kwenye mawe uone wimbi la watu wazima."

Kwenye mawe baba alikuwa ameshakataza. Lakini unajua mtu akikuchokoza mbele ya kitu unachokipenda, akili inahama. Wakaenda. Wimbi la kwanza akalipata vizuri, Mapengo akapiga mluzi. La pili likamwangusha, ubao ukagonga jiwe kwa pua. Haukuvunjika. Alipoukagua mchangani aliona ufa mdogo, hauzidi ukucha wake wa kidole kidogo.

"Hiyo? Hiyo si kitu," Mapengo alisema. "Kamwambie baba mdogo wako aipake."

"Baba alisema nimwambie yeye."

Mapengo akaanza kujipangusa mchanga miguuni.

Akaja karakana wakati baba mdogo ametoka kupeleka mzigo na mimi nimelala. Kopo la bluu lilikuwa tupu. Gundi ya kila siku ilikuwepo, kibao. Aliikumbuka ile sukari kwenye chai, alikumbuka vizuri sana, lakini akajiambia ufa wenyewe mdogo hivi, gundi itafika wapi? Akachanganya kidogo kwenye kizibo cha soda, akaidondosha ndani ya ufa. Ikajaa. Akatabasamu. Kisha ikazama. Akaongeza. Ikazama. Kila alipojaza, ufa ulimeza, na yeye anazidi kujaza, mpaka kizibo kikaisha. Alibonyeza kwa kidole akasikia ngozi imekuwa laini, chini yake hamna kitu. Ndani ya pua ya ubao pameshakuwa pango.

Alifanya nini? Akatoa stika ya nyota kwenye jalada la daftari lake, akaibandika juu ya ufa. Nyota nzuri, ya rangi ya dhahabu.

"Umependeza," nilimwambia nilipouona. Mimi mwenyewe niliusifia!

Na kwa sababu angeacha kwenda baharini tungemwuliza kulikoni, akaendelea kwenda. Kila siku stika ikiwa imelegea pembeni kidogo, kila siku ubao unakunywa. Nikaanza kumwona anauburuza badala ya kuubeba kichwani.

"Mbona unauburuza kama gunia?"

"Nimechoka tu, kaka."

"Mtoto mdogo unachoka nini?"

"Ni usingizi tu."

Sauti ile. *Tu.* Nilisikia kitu kimenigusa mgongoni, lakini sikukitambua, nikaenda zangu.

Siku ya jua kali aliuacha uani akaingia kunywa maji. Alipotoka nilisikia mlio ambao sikuwahi kuusikia kwake, si kilio, ni kama mtu aliyekanyaga moto. Nikakimbia. Alikuwa amepiga magoti karibu na mkia. Maji yaliyojificha ndani yalikuwa yamechemshwa na jua, yakatafuta pa kutokea, yakaisukuma ngozi juu. Lilikuwa limetokea lengelenge kubwa, jeupe kama maziwa. Na lilitokea pale pale kwenye maandishi. Huoni hata herufi moja.

Kiroboto alikuwa analifuta kwa kiganja, anafuta, anafuta, kama kioo cha dirisha chenye ukungu.

"Kaka, yametoka. Maneno ya baba yametoka."

Cherehani ikanyamaza. Mama akatoka na uzi bado uko mdomoni. Nilidhani Kiroboto atakimbia, maana ndivyo alivyo. Lakini alisimama, akabandua ile nyota mwenyewe, akamwonyesha ufa.

"Mama, nilienda kwenye mawe. Ukapasuka, nikauficha. Nikaweka gundi isiyo yake, nikaficha na hiyo. Baba alisema nimwambie. Nitamwambiaje?" Akaikunja ile nyota kiganjani. "Mama, nitamwambia wapi?"

Mama alitazama ubao. Alitazama mlango wa karakana upande wa uani, ule ambao hajaupita tangu msiba. Akauinua ubao upande mmoja, akashtuka na uzito wake.

"Shika huko," aliniambia. Tukauingiza ndani, na mama akaingia nao.

Baba mdogo alikuwa anapiga msasa. Alipomwona mama mlangoni, msasa ulimwanguka.

"Shemeji."

"Shemeji, tazama hili. Sema ukweli."

Baba mdogo hakugomba. Aliuweka ubao juu ya meza, akaugonga kwa kifundo cha kidole kuanzia puani, ko, ko, ko, akisikiliza. Puani ulilia kama ngoma. Katikati ulilia kama ndizi iliyooza, kama naruhusiwa kusema ndizi inalia. Akatoboa tundu dogo kwenye pua, akaufunga mkia kwa kamba kwenye boriti, pua ikaangalia chini, akaweka beseni. Maji yakaanza kutoka. Machafu, ya rangi ya chai. Tone. Tone. Tone.

"Ungekuwa povu la kawaida," alisema, "ungekunywa kidogo, tungeukausha, tungeuziba, ungerudi kazini. Hili la punje limekunywa mpaka mfupa. Mti wa kati umeshaanza kuoza, nasikia harufu."

"Ungeletwa siku ile ile?" Kiroboto aliuliza.

Baba mdogo, ambaye humwita Kiroboto mama kama watu wanavyowaita mabinti zao, alijikuna kichwa. Nadhani alitaka kumdanganya. "Siku ile ile, mama, ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Gundi ya bluu kidogo tu ingetosha. Ningeazima hata kwa fundi mwingine."

"Na sasa?"

"Sasa hapana."

Kiroboto hakulia. Alivuta kiti, akakaa kando ya beseni kama mtu anayemlinda mgonjwa. Mama akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa naye. Mimi nikasimama tu kama nguzo. Tukawa tunasikiliza yale matone. Halafu niliona mabega ya mama yanatikisika, na nikasikia analia, kwa sauti, kama watu wanavyolia siku ya kwanza. Kiroboto akageuka akamkumbatia kiunoni, na yeye akaanza. Baba mdogo akatoka nje. Mimi nikawa natazama dirishani, jicho limeingiwa na vumbi, na msiniulize vumbi gani.

Kesho yake, maji yalipokoma, baba mdogo akasema kitu kimoja bado kinawezekana: kulichana lile lengelenge aone kama penseli imebaki. "Lakini nikichana, ubao ndio basi kabisa. Hatutaweza hata kuuweka ukutani kama pambo. Mwenye ubao aseme."

Wote tukamtazama Kiroboto. Alifikiri.

"Chana, baba mdogo."

Kisu kikapita kwa uangalifu kuzunguka lile lengelenge. Ngozi ikabanduka pande kubwa, ngumu, inayoangaza, na punje za povu zimeng'ang'ania mgongoni mwake. Sehemu nyingine punje zilibaki kwenye ubao, zimelowa, zimegeuka uji, na maandishi yake yameondoka nazo. *Kwa Kiroboto* hapakuwepo. *Baba* hapakuwepo. Baba mdogo akakinyanyua kile kipande kwenye mwanga wa dirisha, akakipangusa kwa kitambaa. Mkono ule wa baba, herufi zake zilizolalia upande wa kulia kama zinasukumwa na upepo, zilikuwa zimebaki chache tu.

*...asuka, niambie.*

Mama alikipokea kwa mikono miwili.

"Kaeni chini," alisema. "Na wewe shemeji, kaa."

Tukakaa juu ya vumbi. Mama hakuwa mtu wa hotuba, na hata siku hiyo hakupaza sauti.

"Baba yenu alikuwa anatuficha kifua chake. Alidhani anatuokoa na hofu. Alipoondoka, mimi nikawaficha machozi, nikidhani nawaokoa na huzuni. Huyu mtoto ameficha ufa. Ameona wapi kufanya hivyo? Nyumba nzima tumebandika stika." Akamvuta Kiroboto. "Ulikosea kwenda kwenye mawe, na ulikosea zaidi kuficha. Utafagia humu peke yako mpaka nitakaposema basi. Lakini sikiliza. Kitu kikipasuka kinasemwa siku hiyo hiyo, kikiwa bado ni ufa. Kikishakunywa maji, hata fundi hodari hana la kufanya. Baba alisema umwambie yeye. Yeye hayupo. Mimi nipo. Uniambie mimi."

"Nitakwambia, mama."

"Hata kama nitagomba."

"Hata kama utagomba."

Kabati la mama liliondolewa mlangoni jioni ile. Lilikuwa zito, na ndani yake kulikuwa na nguo za baba, zimekunjwa vizuri.

Kiroboto alifagia. Alifagia bila kuambiwa, akanyunyiza maji, akapangusa mpaka pembeni. Siku moja baba mdogo akamwambia achague povu, atamtengenezea ubao mwingine, na Kiroboto mwenyewe atamsaidia kazi. Palikuwa na kipande kingine cha friji, chepesi, cha bure. Palikuwa pia na povu la kawaida, zito zaidi, la kununua, ambalo mama alisema atalilipia polepole kwa kushona mifuko. Kiroboto alivigonga vyote viwili kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, kama bingwa.

"Nataka hili zito."

"Litakuchosha kubeba."

"Najua. Lakini hili likipasuka, gundi yoyote iliyopo inafaa. Mtu yeyote anaweza kunisaidia. Ule wa baba ulimtaka yeye mwenyewe."

Baba mdogo alimtazama, akaweka randa chini kama vile imekuwa nzito ghafla.

Tulipoanza kuupiga msasa, vumbi likajaa chumba. Baba mdogo akaanza kukohoa. Alikohoa, akainamia meza, akapunga mkono.

"Ni vu..."

Akaishia hapo. Kiroboto alikuwa amesimama na msasa mkononi, macho yamemtoka, na mama ametokea kwenye ule mlango wa ndani. Baba mdogo alitutazama mmoja mmoja. Kisha akakaa juu ya ndoo, akaushika ubavu wake.

"Shemeji," alisema polepole, "kifua kinanibana. Tangu kabla ya msiba. Nikipanda ngazi napumzika katikati. Niliogopa kusema."

"Vaa viatu," mama alimwambia.

Walikwenda hospitali muda huo huo, vumbi bado liko kwenye nywele za baba mdogo. Walirudi na mfuko wa dawa. Mapafu yameanza kuumia, daktari alisema, lakini yameonwa mapema: apumzike msasa kwa muda, anywe dawa, arudi kupimwa, na asiingie tena humo bila barakoa. Baba mdogo alitoa taarifa hiyo amesimama wima kama mwanafunzi.

"Na pua yako ya kupimia gundi?" nilimtania.

"Pua itajifunza saa. Hata shuleni tulifundishwa kusoma saa."

Kazi ya msasa nikaichukua mimi. Safari yangu ya kwenda sijui wapi ikangoja. Barakoa ile ya baba tukaitoa kwenye nailoni, mama akafupisha mikanda yake kwa cherehani mpaka ikanikaa, na nyingine mbili zikanunuliwa. Ubao mpya ulipofika kwenye penseli, Kiroboto alimpa mama aandike. Mama alishika penseli muda mrefu, akaandika neno moja tu karibu na mkia, kwa herufi zake zilizosimama wima: *Niambie.*

Bado asubuhi tunafagia. Bado kuna mahali mezani ambapo hatuweki kiti. Wakati mwingine Kiroboto anasimama na ufagio mbele ya dirisha, bila kuruka, bila kusema, akitazama ule msumari. Palipokuwa na barakoa, sasa kuna kipande cha ngozi ya ubao, jua likikipiga kinaangaza, na mwandiko wa baba unaonekana mpaka mlangoni. Siku akisimama sana, baba mdogo anashusha barakoa yake hadi kidevuni, anamwita kwa upole.

"Haya, mama. Kuna nini? Tuambie."

Na Kiroboto anatuambia.